Juu ya Picha ya Stree 2: Hofu na Kicheko katika Hadithi Iliyorudiwa

Kila mtu aliyepata kukaa miguuni pa bibi yake akisimuliwa ngano usiku ajua neno hili, ya kuwa hadithi ya kutisha haitishi mara ya pili kama ilivyotisha mara ya kwanza. Mtoto aliyekwisha jua ni nani aliye nyuma ya mlango, hashtuki tena mlango ukigongwa. Na hadithi ya kuchekesha ni vivyo hivyo: aliyekwisha sikia mzaha huungoja mwisho wake kwa adabu tu, wala hacheki. Basi mtungaji atakaye kurudia hadithi iliyo na yote mawili, hofu na kicheko, amejitwika mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mara nyingi tumeona mtu wa namna hii akitua mmoja njiani. Ama hutafuta kutisha zaidi, akasahau kuchekesha. Ama huchekesha tu, na mzimu wake ukawa kama mtu aliyevaa shuka.

Twataka kuitazama hapa picha moja ya sinema ambayo, kwa maoni yetu, ilifika na mizigo yake yote miwili, ijapokuwa haikufika bila ya kujikwaa. Nayo ni picha ya Kihindi iitwayo Stree 2, iliyotungwa na Niren Bhatt na kuongozwa na Amar Kaushik, ikaonyeshwa katika Bara Hindi tangu katikati ya Agosti 2024. Yafuata picha ya kwanza, Stree, ya mwaka 2018, ambayo Kaushik ndiye aliyeiongoza vile vile, lakini waliyoitunga ni Raj na D.K. Wachezaji wakubwa ni wale wale: Rajkummar Rao, Shraddha Kapoor, Pankaj Tripathi, Aparshakti Khurana na Abhishek Banerjee. Huko kwao hiyo ya pili ilipata zaidi ya rupia krori 500, yaani bilioni 5. Lakini wingi wa fedha si hoja yetu, maana hata mambo hafifu huuzwa. Hoja yetu ni hii: kwa nini mtazamaji, aliyekwisha ujua mji ule na mzimu wake, akaa kitini karibu saa mbili na nusu asichoke?

I. Maneno yenyewe

Tuanze na lugha, kwa kuwa picha hii imejengwa juu ya maneno machache sana. Stree ni neno la Kisanskriti lililoingia katika Kihindi, na maana yake ni mwanamke, basi. Watu wa mji katika hadithi hawana jina jingine la kuuitia mzimu wao. Wausema kwa neno hilo, “Mwanamke”. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa tutalirudia: mji unaomwogopa mtu umemnyima hata jina lake.

Adui wa picha ya pili aitwa Sarkata, yaani aliyekatwa kichwa. Sar ni kichwa, neno la Kiajemi, na ndugu yake tunaye nyumbani mwetu: sarkar ni mkuu wa kazi, sar na kar, kichwa na kazi, na ndilo lililotuzalia neno serikali. Ama kata, msomaji wa Kiswahili ataruka kwa furaha akidhani amekutana na jamaa. Asidanganyike. Neno letu kata ni la Kibantu, na asili yake ni moja na maneno ya lugha nyingi zilizo jirani. Neno lao lina asili yake katika lugha za kale za Bara Hindi. Yamekutana kama wageni wawili waliovaa kanzu za rangi moja, wala hawajuani.

Neno la tatu ni kal, nalo ni la ajabu kuliko yote. Katika Kihindi kal ni kesho, tena ni jana. Maana yake hujulikana kwa kitenzi kifuatacho. Katika picha ya kwanza watu huandika ukutani mwa nyumba zao, O Stree, kal aana, yaani, Ewe Mwanamke, uje kesho. Kiswahili hakiwezi kuchukua neno hili kwa ukamilifu, kwa kuwa sisi tumezitenga siku hizi mbili kwa maneno mawili. Na kama kwa kututania, mmoja katika wale rafiki wanne aitwa Jana, kifupi cha Janardan, naye ndiye aliyeingiliwa na mzimu katika hadithi iliyopita. Mhindi hasikii siku yoyote katika jina hilo; mtazamaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa asikia mtu aitwaye Jana akililia kesho isifike, akacheka kicheko ambacho mtungaji hakukitia.

II. Desturi ya kuandika mlangoni

Maandishi hayo hayakubuniwa na watungaji. Katika mji wa Bangalore, miaka ya 1990, ilienea habari ya mwanamke wa kizimu apitaye usiku akigonga milango na kuita kwa sauti ya jamaa wa nyumba, afunguaye hufa. Watu wakaandika milangoni kwa Kikannada, Nale Ba, Njoo kesho. Mzimu ukisoma huenda zake. Kesho yake hurudi, akasoma maneno yale yale, akaenda zake tena. Pwani yetu nako wazee wengi huwaonya watoto wasiitike upesi waitwapo usiku na sauti wasiyemwona mwenyewe. Lakini kumwandikia mzimu barua ukutani ni jambo jingine.

Tuitazame hila hii vizuri, maana ndani yake hofu na kicheko vimekwisha kutana kabla ya mtungaji yeyote kufika. Mzimu huu waua, lakini wajua kusoma; tena ukisoma, watii. Una adabu kuliko wengi walio hai. Na hila yenyewe ni ya kisheria, kama deni ambalo siku yake ya kulipwa haifiki. Madukani kwetu tumeona ubao ulioandikwa ya kuwa mkopo ni kesho. Mtu akirudi kesho yake, ubao ungali pale pale na neno lake ni lile lile. Mwenye duka wa kwetu na mtu wa Bangalore wametumia akili moja, huyu kwa mkopaji, yule kwa mauti.

Watungaji wa mwaka 2018 waliichukua desturi hiyo wakaihamishia Chanderi, mji wa Madhya Pradesh ujulikanao kwa nguo zake za sari, wakaipindua mara moja. Stree wao hawachukui wote, achukua wanaume tu, siku za sikukuu moja ya kila mwaka. Humwita mtu kwa nyuma, naye akigeuka hutoweka, zikabaki nguo zake njiani. Kwa hiyo wanaume ndio wafungao milango. Wanaume ndio waogopao kutoka usiku, na ndio waambiwao wawe na hadhari waendapo peke yao. Kila onyo ambalo wanawake wa mji huo, na wa miji mingi, wamelisikia tangu utotoni, wanaume walisikia siku hizo kwa masikio yao wenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na kicheko kikubwa cha picha ya kwanza, na watazamaji walikielewa bila ya kuelezwa.

III. Jinsi ya pili ilivyopata njia

Basi mzaha huo umekwisha tumika. Kitendawili kikiteguliwa mbele ya watu, hakitegwi tena mbele ya watu wale wale. Mtungaji wa pili angaliweza kufanya kama wafanyavyo wengi, kumrudisha mzimu yule yule na kumwongezea kucha. Hakufanya hivyo. Alitazama mwisho wa hadithi ya kwanza, akauliza ushindi ule ulileta nini.

Mwisho wa picha ya kwanza Stree alikatwa shungi lake la nywele, ambalo ndilo lililokuwa na nguvu zake. Watu wa mji walikuwa wamejua sasa ya kuwa mwanamke huyo alidhulumiwa na wazee wao: alikuwa mchezaji ngoma aliyependa mtu mmoja na kutaka kuolewa naye, wakawaua wote wawili. Wakaona haya. Wakayafuta maneno ya ukutani, na badala ya kumwambia, “Uje kesho”, wakaandika, O Stree, raksha karna, Ewe Mwanamke, tulinde.

Picha ya pili yaanzia katika neno hilo la ulinzi, nayo yalichukua kwa maana yake halisi. Mnamwomba awalinde, lakini amekwisha ondoka. Ni nani atakayewalinda? Atokea Sarkata. Zamani alikuwa mkuu katika mji huo huo, ndiye aliyemwua yule mwanamke, naye mzimu wa mwanamke ukamkata kichwa. Kama Stree asingaliondoka, Sarkata asingalirudi. Yaani yule waliyemwogopa miaka yote ndiye aliyekuwa komeo la mlango, nao wenyewe walilitoa komeo hilo kwa furaha wakidhani wamepona.

Sisi twaona hapa ndipo palipo na siri ya kwanza ya picha hii. Matata yake hayakuongezwa kutoka nje, yamezaliwa na ushindi wa zamani. Mtazamaji aliyeiona picha ya kwanza hapotezi ujuzi wake. Ujuzi wake wenyewe ndio unaomtia wasiwasi, kwa kuwa ajua ni nani aliyeondoka na kwa nini. Na yule asiyeiona aweza kufuata, maana hitaji la mlinzi ni jambo ambalo kila mtu alijua.

Tena sheria ya hofu imegeuzwa. Stree alichukua wanaume. Sarkata achukua wanawake, tena si wote, ila wale wafuatao akili zao wenyewe, wasomao, wavaao wapendavyo, wachaguao wachumba wao. Mmoja wa hao ni Chitti, mchumba wa Bittu. Kwa hiyo wale rafiki wanne, ambao mwaka 2018 waliogopa kwa ajili ya miili yao, sasa yawapasa waogope kwa ajili ya wengine. Woga wao wa zamani ulichekesha bila ya kudhuru mtu, kwa sababu mwoga alijiokoa mwenyewe. Sasa mwoga akijificha, mtu mwingine huchukuliwa. Kicheko ni kile kile, lakini kina gharama, na mtazamaji aona haya kidogo baada ya kucheka. Hayo hayakuwamo katika ile ya kwanza.

IV. Kicheko na namna yake

Wako watu wanaodhani picha za namna hii ni kama nguo ya mistari, mstari wa hofu, mstari wa kicheko, hata mwisho. Picha mbaya ndivyo zilivyo, na mtazamaji wake hujifunza upesi kuhesabu mistari. Akisha kucheka huziba masikio, kwa kuwa ajua kelele yaja. Katika Stree 2 mara nyingi vitu hivyo viwili vyatoka katika jambo moja, wala havitengani.

Tutoe mfano wa Sarkata mwenyewe. Kiwiliwili chake chatembea bila ya kichwa, na kichwa nacho kina safari zake. Ni jambo la kutisha mno, na papo hapo ni jambo la upuuzi, maana mtu hana budi kujiuliza akimbie kipi, cha kukamata au cha kutazama. Mtungaji hakuwaletea watu mzaha ili kuwapumzisha baada ya kichwa hicho. Aliwaacha rafiki wale wajiulize swali hilo hilo kwa sauti, na hapo watu wakacheka, huku wangali wakiogopa.

Mfano wa pili ni Jana. Kwa kuwa aliingiliwa na mzimu zamani, wenzake waona ya kuwa amebaki na mlango ulio wazi kidogo kwa mambo ya mizimu, nao wamtaka awe kama mbwa wa kunusa njia. Yeye yuko Delhi, amekimbia, hataki kulisikia hata jina la Chanderi. Yapasa aletwe kwa hila. Katika safari hiyo twacheka kwa sababu tumwone mtu akidanganywa na rafiki zake. Lakini twajua kuwa yeye peke yake ndiye anenaye kweli, ya kuwa huko kuna kifo. Mwoga katika hadithi hii ndiye mwenye akili kuliko wote.

Jambo la tatu ni usemi. Kila mmoja ana lugha yake. Vicky, fundi cherehani ajuaye kumpima mwanamke kwa jicho bila ya utepe, asema maneno laini ya mtu apendaye, hata mbele ya mzimu. Bittu ana hasira za haraka na maneno ya mtaani. Rudra, mwenye duka la vitabu, anayechezwa na Pankaj Tripathi, asema Kihindi kizito cha vitabuni, chenye maneno ya Kisanskriti, kwa upole na bila ya haraka yoyote, hata mambo yakiwa ya kukimbia. Na Jana asema kama mtoto. Mtu akifumba macho ajua ni nani asemaye. Watu wanne wa tabia nne wakisimama mbele ya mlango mmoja wenye giza, hakuna haja ya mtungaji kutafuta mzaha. Kila mmoja akifungua kinywa hofu ile ile hupata sura nyingine. Na maneno yao mengi ni ya kuchelewesha tu, nani aingie kwanza, nani ashike taa, nani ana mke. Mtu aogopaye huwa msemaji sana. Huo ni ukweli wa binadamu, wala si hila ya sinema.

Yapasa pia kusema juu ya Rudra na kitabu chake. Katika picha ya kwanza habari za mzimu zilitoka katika kitabu cha mambo ya kale ya Chanderi, na mwandishi wake alikuwa mzee aliyefikiri kwamba ile hali ya hatari iliyotangazwa Bara Hindi mwaka 1975, ikaondolewa 1977, ingali ikiendelea. Naye hujificha bado. Katika picha ya pili zapatikana kurasa zilizochanwa kitabuni, na katika hizo ndimo alimo Sarkata. Njia hii ni ya kale sana katika hadithi, nasi hatuisifu kwa upya wake. Twaisifu kwa kuwa yafaa: uovu wa mji uliandikwa, kisha ulitolewa kitabuni, na mji uliishi kwa furaha na kitabu chenye mapengo. Watu wangapi katika miji yetu wamesoma habari za wazee wao katika vitabu vya namna hiyo?

V. Jina lililofichwa

Hofu na kicheko vyaweza kumshika mtu kwa nusu saa. Zaidi ya hapo ataka kujua jambo. Picha hii ina swali moja tu kubwa, nalo lilianza mwaka 2018: yule mwanamke ampendaye Vicky ni nani? Aja siku za sikukuu, hana nyumba, hana jamaa, hana jina. Mwisho wa picha ya kwanza aliliunganisha shungi la Stree na nywele zake mwenyewe, akatoweka. Je, ni rafiki au ni adui?

Watungaji wamelitumia swali hili kwa uchache. Hawakulijibu mapema, wala hawakulisahau. Kila mara hofu inapopungua, mwanamke huyo hufanya jambo moja lionyeshalo wema na jambo moja litiale shaka. Karibu na mwisho twaambiwa ya kuwa ni binti wa Stree. Na jina lake? Amwambia Vicky sikioni, nasi hatulisikii.

Baadhi ya watu wameona hiyo ni hila ya kutaka kuuza picha ya tatu. Yawezekana. Lakini twaona ina maana iliyo kubwa zaidi. Tulisema mwanzoni kwamba mji ulimnyima mama jina. Binti alipata jina, akampa mtu mmoja aliyemwamini, na mji, pamoja na sisi watazamaji tulio katika mji huo, haukupewa. Ni haki yake.

VI. Mambo yasiyotupendeza

Sasa tuseme makosa, maana sifa zisizo na kipimo hazimfai msomaji wala mtungaji.

Kwanza, wageni ni wengi. Nyumba ya Dinesh Vijan, iliyotoa picha hizi, imefunga hadithi zake kadha wa kadha kwa kamba moja, Stree, kisha Bhediya ya mwaka 2022, kisha Munjya ya mwaka 2024. Kwa hiyo katika Stree 2 aja mtu-mbwamwitu wa Bhediya, anayechezwa na Varun Dhawan, akapigana na Sarkata. Aja pia Akshay Kumar, kama mtu wa ukoo wa Sarkata aliyerukwa na akili. Watazamaji walio nyumbani hushangilia. Lakini mtu asiyezijua picha hizo aona kama mwenye nyumba ameacha mazungumzo yenu katikati akaenda mlangoni kusalimiana na wapitao. Kicheko cha mbwamwitu ni cha haki. Mahali pake hapa si pa haki.

Pili, sehemu ya mwisho. Maadamu Sarkata ni kivuli kipitacho uchochoroni, twamwogopa. Akisha kuwa mpiganaji wa kupigwa na kupiga, kwa miali ya moto na mambo yaliyofanywa kwa kompyuta, amekuwa jitu la ngano tu, na jitu la ngano twajua litashindwa. Hofu hukaa mahali ambapo jicho halijafika. Watungaji waliofahamu hivyo kwa saa mbili walisahau katika nusu saa ya mwisho.

Tatu, na hili ndilo zito. Picha yasema ya kuwa wanawake waachwe wafuate akili zao. Lakini wale wanawake waliotwaliwa wasema kidogo mno. Twawaona wamenyolewa, wamevikwa nguo nyeupe, wamenyamaza. Hatukujua walikuwa na mawazo gani yaliyomkasirisha Sarkata, isipokuwa kwa kuambiwa. Tena yumo mchezaji ngoma, Shama, anayechezwa na Tamannaah Bhatia, ambaye naye atwaliwa. Kabla ya hapo acheza mbele ya umati wa wanaume, na picha yenyewe yamtazama kwa macho yale yale ya umati. Mtu aweza kuuliza, je, hadithi iliyoanzia kwa mchezaji ngoma aliyeuawa na wanaume wa mji haikukumbuka habari zake hapo? Tumeusikia wimbo ukisifiwa sana. Hatuna neno na muziki wa Sachin na Jigar. Neno letu ni juu ya mahali pake.

VII. Jambo lililo chini ya yote

Ametokea rafiki yetu mmoja, mtu mzima mwenye kupenda hekima, akatuambia haifai kabisa kuzicheka hadithi za mizimu ya kike, kwa kuwa si mchezo kwa wote. Katika baadhi ya sehemu za Bara Hindi, na katika baadhi ya sehemu za Tanzania pia, wanawake, hasa wazee, wameuawa kwa kushtakiwa uchawi, na hofu iliyowaua ilianza kwa hadithi zilizosimuliwa jioni. Basi, asema, kwa nini tuilishe hofu hiyo kwa picha?

Hoja hii yatupasa kuiheshimu, nasi hatukuweza kuijibu siku ile. Tulipoitazama picha mara ya pili tuliona jibu, ijapokuwa si kamili. Hadithi hizi mbili zikichukuliwa pamoja zasimulia jinsi mji ulivyobadili nia yake juu ya mwanamke mmoja. Kwanza, “Asiingie”. Kisha, “Alikuwa na haki”. Kisha, “Na atulinde”. Mwisho, wa kumshinda Sarkata si wanaume wanne wala mbwamwitu. Ushindi hauji ila kwa mama na binti yake. Na Sarkata ni nani? Si mgeni aliyetoka porini. Ni mtu wa mji, mkuu wa mji, wa ukoo wa mji. Na wanaume anaowatia ulozi wake hawageuki wanyama, hugeuka kuwa baba na ndugu wanaowafungia wanawake majumbani. Wahenga wetu walisema, Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wa Chanderi walitafuta mdudu njiani usiku miaka mingi, naye alikuwa ndani ya nguo.

Kicheko basi kina kazi. Mji ukiambiwa maneno hayo kwa kukaripiwa, utafunga masikio. Ukichekeshwa kwanza, huku umeketi gizani pamoja na jirani zako, wasikia neno gumu kabla ya kujikinga. Hatusemi kwamba kila aliyecheka alibadilika. Twasema tu ya kuwa alilisikia, na huo ndio mwanzo.

Kwa watu wa pwani picha za Kihindi si kitu kigeni. Zimeonyeshwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam tangu siku za babu zetu, na siku hizi wako wafasiri wanaozieleza kwa Kiswahili kwa sauti zao, wakijaza maneno yao wenyewe kati ya maneno ya wachezaji. Kwao twatoa shauri moja. Wafikapo penye maandishi ya ukutani, wasifanye haraka. Waseme, “Ewe Mwanamke, uje kesho,” kisha wapatapo yale mengine, “Ewe Mwanamke, tulinde,” kwa sauti ile ile na mwendo ule ule, ili asiyejua Kihindi asikie ya kuwa ukuta ni mmoja na aitwaye ni mmoja, na kilichogeuka ni moyo wa mwandikaji. Mfasiri akiyapoteza maneno hayo mawili, amepoteza picha zote mbili.

Na kwa wasomaji wetu tuna ombi. Twajua desturi nyingi za kuulinda mlango: majani, kamba, maandishi matakatifu, chano cha ubani. Lakini desturi ya kumwahirisha adui kwa maneno, kumwambia aje kesho, hatujaiona ikiandikwa juu ya makabila yetu, isipokuwa ule ubao wa dukani. Mwenye kuijua, kwa Waswahili au kwa watu wa bara, twamwomba atuandikie, ataje na mahali alipoisikia na maneno yenyewe yasemwavyo.